Kamba Hufupika, Mlango Huvimba: Namna ya Kuishi na Nyuzi Zinazokunywa Maji

Kamba ya katani ikinyeshewa hairefuki, bali hufupika. Aliyefunga kamba ya kuanikia nguo wakati wa kiangazi, akaikaza kati ya mwembe na nguzo kadiri mikono ilivyoweza, ataikuta baada ya mvua za kwanza za masika imeinamisha nguzo, au fundo lake limejibana hata halifunguki ila kwa kisu. Jua likirudi, kamba ile ile hulegea na shuka zikagusa mchanga. Katika nyumba hiyo hiyo mlango wa mbao hukataa kufungika mwezi wa Aprili, na kiangazi kikikolea huacha upenyo unaopitisha mwanga. Kanga mpya nayo huingia kwenye beseni ikiwa na urefu mmoja na kutoka na mwingine.

Watu huyachukua haya kama visa vitatu mbalimbali, na kila kisa kina mtu wake wa kulaumiwa: muuza kamba, fundi seremala, mwenye duka la nguo. Pengine lawama ni ya haki. Lakini chanzo ni kimoja, nacho kimejificha mahali padogo mno: katika ukuta wa seli ya uzi wa mmea, na jinsi ukuta huo unavyopokea maji na kuyaachia. Seremala, mvuvi, msukaji wa mikeka na mnunuzi wa mbao wakiuelewa ukuta huo, hasara nyingi zinazohesabiwa kuwa bahati mbaya zinaepukika.

Seli ya mmea, tofauti na ya mnyama, imezungukwa na ukuta mgumu. Katika seli za nyuzi, ukuta huo ndio karibu kila kitu. Seli huujenga, ikishamaliza kuujenga hufa, na kinachobaki ni mrija mwembamba wenye uwazi katikati. Ukuta wenyewe una matabaka. La nje ni jembamba. Ndani yake kuna ukuta wa pili wenye matabaka matatu, na lile la kati ni nene kupita mengine yote, kiasi kwamba katika mbao nyingi huchukua karibu asilimia 80 ya unene mzima. Malighafi kuu ni selulosi, ambayo mwanakemia Mfaransa Anselme Payen aliitenga na kuieleza mwaka 1838. Minyororo ya selulosi hulala sambamba na kufanya vinyuzi vyenye upana wa nanomita chache tu, navyo hufanya kazi ile ile ya nondo ndani ya zege: hubeba nguvu ya kuvutwa, huku hemiselulosi na lignini zikijaza nafasi iliyopo kati yake.

Tofauti ni kwamba zege hili linakunywa maji. Selulosi ina sehemu zilizopangika barabara mithili ya fuwele, na humo molekuli ya maji haipati pa kupenya. Hukaa pembezoni mwa fuwele hizo, katika sehemu zisizopangika, na zaidi katika hemiselulosi, ambayo ina vikundi vingi vya haidroksili vinavyoyashika maji kwa nguvu. Lignini hupokea kidogo kuliko hizo mbili. Kila molekuli inayoingia husukuma vinyuzi vitengane. Na kwa kuwa katika tabaka nene la kati vinyuzi vimeelekea karibu sambamba na urefu wa seli, ukuta unapovimba huvimba kwa upana. Urefu haubadiliki kwa kiasi cha kuonekana.

Hilo ndilo jambo la kushika kabla ya yote yanayofuata. Uzi wa mmea ukinywa maji hunenepa, haurefuki.

Sasa kamba inaeleweka. Kamba ni nyuzi zilizosokotwa, na kila uzi hupita ndani yake kwa mzunguko, ukiwazunguka wenzake. Nyuzi zote zikinenepa, njia ya kuzunguka huwa ndefu zaidi. Uzi hauna urefu wa ziada wa kuutoa, kwa hiyo huuchukua kutoka kwenye urefu wa kamba. Kamba hunenepa, husokotana zaidi, hufupika. Kadiri ilivyosokotwa kwa kukazwa ndivyo inavyofupika zaidi.

Kwa mwenye kamba ya katani, ushauri ni rahisi. Kamba yoyote itakayokaa nje isikazwe ikiwa kavu. Iachwe na mbonyeo unaoonekana, kisha mvua ndiyo imalizie kazi. Anayefunga turubai juu ya mzigo au juu ya banda alegeze kamba mawingu yanapokusanyika, asingoje mvua ianze. Anayemfunga mbuzi au ndama malishoni asitumie kitanzi kinachojikaza, wala fundo lililobana shingo, kwa sababu kamba iliyolowa usiku itabana zaidi na fundo halitafunguka kwa vidole. Na anayetaka kusuka kitanda cha kamba, kile wazee wanachokiita teremka-tukaze, ailoweshe kamba mpya, aining'inize ikiwa imefungiwa uzito wa kutosha mpaka ikauke kabisa, ndipo asuke. Kamba iliyonyooshwa hivyo imekwisha kutoa sehemu kubwa ya ulegevu wake kabla haijalaliwa.

Mkonge, mmea unaotoa katani hiyo, una historia inayostahili kukumbukwa hapa. Uliingia Tanganyika mwaka 1893, wakati mtaalamu wa kilimo wa Kijerumani, Richard Hindorf, alipoagiza miche kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62, ikapandwa Kikogwe karibu na Pangani, na kutokana na miche hiyo yakaenea mashamba ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 yalikuwa yakitoa zaidi ya tani 200,000 za katani kwa mwaka na kuifanya nchi kuwa ya kwanza duniani. Katika kila kilo 100 za majani yanayoingia kwenye korona, yaani mashine ya kuchakatia mkonge, singa kavu zinazopatikana ni kama kilo 4. Sehemu kubwa ya kilichobaki ni maji. Singa moja yenye urefu wa karibu mita nzima nayo si seli moja: ni mamia ya seli zenye urefu wa milimita chache kila moja, zilizopangwa bega kwa bega na kugandishwa kwa pektini na lignini. Ndiyo maana kamba ya katani iliyoachwa kwenye tope huoza kwa kuchanikachanika kabla haijakatika. Bakteria na kuvu huanza na gundi iliyo kati ya seli. Kamba ya kisimani, basi, isilale chini penye unyevu baada ya kutekwa maji. Itundikwe mahali penye upepo kila siku, hata kama kesho asubuhi itatumika tena.

Usumba wa nazi una tabia nyingine kabisa, na watu wa pwani walilijua hilo muda mrefu kabla ya darubini. Kitabu cha Kigiriki cha karne ya kwanza kuhusu biashara ya Bahari ya Hindi kinataja mashua zilizoshonwa katika bandari ya Rhapta, kwenye mwambao huu. Mitepe ya Lamu iliendeleza ufundi huo hadi mwanzoni mwa karne ya 20: mbao ziliunganishwa kwa kamba za usumba bila misumari ya chuma. Usumba una lignini inayozidi asilimia 40, wakati katani ina kama asilimia 10. Vinyuzi vya selulosi ndani yake vimelala kwa mshazari mkubwa, karibu nyuzi 45, badala ya kuufuata urefu wa seli. Mshazari huo unaupa usumba uwezo wa kunyumbuka: unaweza kurefuka kwa asilimia 30 hivi kabla ya kukatika, ilhali singa ya mkonge hukatika ikiwa imerefuka asilimia chache tu. Kwa chombo kinachopigwa na mawimbi, kamba inayonyumbuka na kustahimili maji ya chumvi ina thamani kuliko kamba yenye nguvu inayokatika ghafla.

Kwenye mwambao wa mashariki wa Unguja, katika vijiji kama Jambiani na Paje, wanawake bado huyafukia makumbi kwenye mchanga unaofunikwa na maji kujaa, wakayalemea kwa mawe na kuyaacha kwa miezi. Bakteria hula sehemu laini inayozishikanisha nyuzi. Lignini huwashinda, nyuzi zikabaki. Kisha makumbi hufukuliwa, hupondwa kwa rungu, husafishwa na kusokotwa kwa viganja. Kazi hiyo ni ngumu na malipo yake ni madogo kuliko inavyostahili. Mnunuzi anayetaka kamba ya kudumu baharini au bustanini atafute hiyo, na asibishane sana juu ya bei.

Katika mbao ndiko watu wanakopoteza fedha nyingi zaidi, na ndiko makala haya yatakakokaa kwa muda.

Mti uliokatwa leo una maji ya namna mbili. Kuna maji yaliyomo katika uwazi wa mirija, na kuna maji yaliyoshikwa ndani ya kuta. Mbao zinapoanza kukauka, maji ya kwenye mirija hutangulia kutoka, na wakati huo ubao huwa mwepesi lakini haupungui ukubwa hata kidogo. Yakiisha hayo, kuta zikiwa bado zimeshiba, ubao unakuwa umefika kiwango ambacho mtafiti wa misitu wa Marekani, Harry Tiemann, alikieleza mwaka 1906. Kwa miti mingi kiwango hicho ni kati ya asilimia 25 na 30, yaani maji yana uzito wa robo hadi chini kidogo ya theluthi ya uzito wa mbao zikiwa kavu kabisa. Chini ya hapo kila tone linalotoka linatoka ndani ya ukuta, na hapo ndipo ubao huanza kunywea, kupinda na kupasuka.

Ndiyo sababu neno la muuzaji kwamba mbao zake "zimekaa juani wiki mbili" halimwambii mnunuzi lolote. Wiki mbili zinaweza kuwa zimetoa maji ya kwenye mirija tu, na kunywea kote bado kunakuja, safari hii kukiwa ndani ya mlango ambao tayari umepigwa rangi. Mnunuzi apime. Kipima unyevu cha umeme chenye sindano mbili kinatoa jibu papo hapo, na fundi mwenye karakana hana sababu ya kukosa kimoja. Asiye nacho anaweza kutumia mizani ya jikoni na oveni. Akate kipande kidogo kutoka katikati ya urefu wa ubao, si mwishoni, kwa sababu ncha hukauka mapema na zitamdanganya. Akipime uzito, akiweke katika oveni kwenye joto la nyuzi 103 za Selsiasi, akipime tena na tena mpaka uzito uache kushuka. Kipande kilichokuwa na gramu 130 kikiishia gramu 100, ubao ule ulikuwa na unyevu wa asilimia 30, na safari nzima ya kunywea ilikuwa bado haijaanza.

Ubao unatakiwa ukauke hadi wapi? Hapa jibu linategemea mahali utakapoishi. Kuta za seli hubadilishana maji na hewa mpaka zilingane nayo. Katika hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama ile ya pwani wakati wa masika, mbao hutulia kwenye unyevu wa karibu asilimia 16. Katika hewa ya asilimia 50, ambayo ni ya kawaida zaidi bara wakati wa kiangazi, hutulia karibu asilimia 9. Kwa hiyo meza iliyotengenezwa vizuri kabisa Tanga na kusafirishwa Dodoma itanywea ikifika huko, wala aliyeitengeneza hakukosea. Busara ni kumwambia fundi mapema samani inakokwenda, na kuziacha mbao zikae wiki kadhaa ndani ya nyumba yenyewe kabla ya kuunganishwa.

Kiasi cha kunywea kinategemea pia upande. Kwa urefu wa ubao, kutoka mbichi hadi mkavu kabisa, mabadiliko ni kama asilimia 0.1 hadi 0.3 tu, hayana wa kuyahofu. Kwa upana hali ni nyingine: upande unaofuata mviringo wa pete za mti hunywea takriban mara mbili ya upande unaotoka katikati ya gogo kwenda kwenye gome. Chukua ubao wa upana wa milimita 300, wa mti unaonywea asilimia 6 kwa upande huo wa mviringo. Ukitoka unyevu wa asilimia 16 kwenda 9 utapungua milimita 4 na ushee. Mlango wa upana wa milimita 800 uliotengenezwa kwa mbao za aina hiyo zilizogandishwa pamoja kwa gundi utapungua milimita 11. Hakuna bawaba wala komeo linalosamehe tofauti ya milimita 11.

Anayeagiza mlango, basi, aulize mbao zimepasuliwa vipi. Atazame ncha ya ubao: mistari ya pete ikisimama wima kutoka uso hadi uso, ubao huo utatulia, ikilala sambamba na uso au kufanya upinde, ubao utabadilika zaidi na utajikunja kingo zake zikiinuka. Mbao zilizosimama wima ni chache katika kila gogo na hugharimu zaidi, kwa hiyo zitengwe kwa milango, fremu za madirisha na droo. Zilizolala zinafaa kwa kazi ambazo milimita chache hazidhuru.

Mti wenyewe nao una neno. Mninga unapendwa na mafundi wa Tanzania kwa rangi yake, lakini sifa yake kubwa ni kutulia: hunywea kidogo kuliko miti mingi. Mkongo na msaji ina sifa hiyo pia. Miti ya aina hii, sehemu yake ya ndani iliyokolea rangi inapozeeka, hujaza kuta za seli kwa kemikali zake, na nafasi iliyokwisha kukaliwa haina tena pa kupokea maji. Ubao mweupe wa pembezoni mwa gogo lile lile hauna kinga hiyo, wala dhidi ya maji wala dhidi ya wadudu. Muuzaji akichanganya mweupe na mwekundu kwenye fungu moja, mnunuzi ana haki ya kukataa.

Paini ni habari ya pekee, kwa kuwa nyumba nyingi za siku hizi zimeezekwa kwa mbao za mashamba kama ya Sao Hill, Mufindi. Katika miaka yake ya kwanza mti wa paini hujenga kuta ambazo vinyuzi vyake vimelala kwa mshazari mkubwa. Sehemu hiyo changa, iliyo katikati ya gogo, hunywea hata kwa urefu, jambo ambalo mbao iliyokomaa hailifanyi. Ubao wenye sehemu changa upande mmoja na iliyokomaa upande wa pili huvutwa na upande unaofupika, ukapinda kama alivyoona mwenye nyumba aliyeinua macho darini na kuona kenchi imejipinda. Dawa yake ni kuchagua: mbao ambayo kiini cha katikati kabisa kinaonekana nchani isitumike kwa kenchi wala kwa fremu.

Kukausha kwenyewe hakuhitaji mtambo. Kunahitaji kivuli, upepo na uvumilivu. Mbao zipangwe juu ya matofali, mbali na ardhi, kila safu ikitenganishwa na inayofuata kwa vijiti vya unene wa sentimita mbili na nusu vilivyopangwa kwenye mstari mmoja kutoka chini hadi juu, ili uzito usiikunje mbao yoyote. Ncha zipakwe rangi nzito au nta, kwa sababu mirija imefunguka hapo na maji hutoka upesi kuliko ubavuni. Ncha inayokauka kabla ya sehemu nyingine ndiyo inayopasuka. Juu ya rundo pawe na bati. Jua kali halisaidii: hukausha uso wakati ndani bado pamelowa maji, na uso unaotaka kunywea huku ndani pakikataa hauna njia ila kuatuka. Ubao mmoja wa kati utiwe alama na upimwe uzito kila wiki. Wiki tatu au nne mfululizo zikipita bila uzito kushuka, rundo limelingana na hewa ya mahali hapo.

Na mlango ambao tayari umevimba? Kosa linalofanywa na wengi ni kuita fundi aupige randa katikati ya masika. Ukirandwa ukiwa umeshiba, kiangazi utakuwa mdogo mno. Bora kuvumilia, kusubiri ukauke, kisha kuangalia kingo mbili ambazo hazionekani: ya juu na ya chini. Mafundi wengi hupaka rangi pande mbili na kingo za ubavuni wakaziacha hizo, na ndizo zenye mirija iliyo wazi. Mlango ushushwe, kingo hizo zikaushwe na kupakwa vizuri. Rangi haizuii maji kabisa, huyachelewesha tu, lakini kwa mvua za msimu kucheleweshwa kunatosha mara nyingi. Kwa mlango mpya, vibao vya katikati vikae ndani ya mifereji ya fremu bila gundi wala msumari, vikiwa na nafasi ya milimita chache kila upande ya kutanuka na kunywea. Fremu ndiyo inayoshikilia umbo, vibao viko huru kutembea.

Kuna jambo la kushukuru katika namba hizo za unyevu: kuvu wa kuozesha hawaishambulii mbao iliyo chini ya unyevu wa asilimia 20. Nguzo inayooza karibu na ardhi, huku juu ikiwa nzima, inaonyesha mahali ambapo kuta hazipati nafasi ya kukauka.

Waundaji wa majahazi wanautumia uvimbe ule ule unaomsumbua seremala. Mbao za chombo huungwa, kisha nafasi kati yake hutiwa kalafati ya pamba. Chombo kikishushwa majini, mbao huvimba na pamba nayo ikavimba, zikabanana mpaka maji yasipite. Tatizo huja chombo kinapokaa pwani kavu kwa muda mrefu. Mbao hunywea, nyufa hufunguka, na mwenye mashua akiona mwanga unapita hukimbilia kugandamiza pamba nyingi kadiri inavyoingia. Asifanye hivyo. Mbao zikirudi kuvimba hazitapata nafasi, na nguvu ya kuta zinazoshiba inatosha kung'oa misumari na kusukuma mbao zitoke kwenye mataruma. Kalafati itiwe kwa kiasi, mashua ikae penye maji kupwa na kujaa kwa siku chache, ikumbwe maji yanayovuja, na nyingi ya nyufa zitajifunga zenyewe. Mashua inayongoja msimu iwekwe kivulini, au ifunikwe kwa makuti na kumwagiwa maji ya bahari mara kwa mara.

Pamba yenyewe ni uzi wa ajabu. Kila uzi ni seli moja tu iliyoota juu ya ganda la mbegu, yenye urefu wa karibu sentimita tatu, na ukuta wake ni selulosi kwa zaidi ya asilimia 90. Katika hewa ya kawaida ya maabara, yenye unyevu wa asilimia 65, pamba hubeba maji ya asilimia 8.5 ya uzito wake mkavu na bado mkono huihisi kuwa kavu. Poliesta hubeba asilimia 0.4. Ndiyo raha ya kanga na shati la pamba katika joto la Dar es Salaam: jasho lina mahali pa kwenda. Ndiyo pia sababu nguo hizo huchelewa kukauka kwenye kamba.

Hata hivyo, pamba iliyotoka shambani huelea juu ya maji bila kulowa. Uzi wake umefunikwa na nta nyembamba. Pamba ya hospitali imechemshwa kwa soda ili nta hiyo iondoke, kwa hiyo anayehitaji pamba ya kusafishia kidonda asichukue ya shambani hata kama ni nyeupe namna gani, achilia mbali suala la vijidudu. Taulo jipya lisilofyonza maji lina shida ya jamii hiyo: limepakwa viwandani kitu cha kulilainisha. Lifuliwe mara mbili tatu kwa sabuni ya kawaida na maji ya moto, na dawa za kulainishia nguo ziachwe. Kanga au kitenge cha kushona gauni kiloweshwe, kikaushwe na kupigwa pasi kabla ya mkasi kukigusa, kwani nyuzi zilivutwa zilipofumwa na maji ya kwanza ndiyo yatakayozirudisha.

Uzi wa pamba ukilowa huzidi kuwa na nguvu, kwa hiyo shuka la pamba lavumilia kukamuliwa. Viskosi, ambayo ni selulosi ya mti iliyoyeyushwa na kufanywa uzi upya, hupoteza karibu nusu ya nguvu zake ikiwa mbichi. Gauni la viskosi lifuliwe kwa mikono miepesi, libanwe ndani ya taulo badala ya kusokotwa.

Msukaji wa mikeka hunyunyizia ukindu maji kabla ya kuanza ukili, na mpiga pasi hunyunyizia shuka. Wote wawili wanafanya kitu kimoja. Maji yakiingia ukutani huachanisha vifungo kati ya minyororo, ukuta ukalainika na kukubali umbo jipya. Yakitoka, vifungo hujifunga upya hapo vilipo. Mkeka uliokaa umekunjwa kwa miezi katika chumba kikavu usifunguliwe kwa nguvu. Upanguswe kwa kitambaa chenye maji, usubiriwe robo saa, ndipo ufunguliwe. Baada ya kufuliwa uanikwe kivulini penye upepo, kisha uviringishwe, usikunjwe, na usihifadhiwe kabla haujakauka hadi ndani ya misuko.

Mafundi wa jipsam wanaochanganya singa za mkonge katika urembo wa dari wanafanya vyema, mradi singa zilowe barabara katika uji wa jipsam; zikiwekwa kavu kwenye mchanganyiko mzito huunyang'anya maji na kuacha mashimo. Katika saruji mambo ni magumu zaidi. Ukali wa saruji hula lignini na hemiselulosi, na uzi unaovimba na kunywea kila msimu hujitenga na kilichoushika. Vigae vya saruji na katani vinafaa kwa banda, visitegemewe kubeba mzigo wa miaka mingi.

Imebaki sufi, ambayo wengi huichanganya na pamba. Hutoka kwenye ukuta wa ndani wa tunda la msufi. Ukuta wa seli yake ni mwembamba sana, uwazi wa katikati umejaa hewa, na nje kuna nta ya kutosha kuyakataa maji. Ndiyo maana zamani ilijazwa kwenye maboya ya kuokolea watu baharini. Kwa mito na magodoro ni laini na nyepesi, lakini haifai kufuliwa: kuta hizo nyembamba hubonyea na kushikamana, na sufi iliyoshikamana hairudi ilivyokuwa. Mto uliolowa ufumuliwe mshono, sufi itandazwe juu ya shuka juani na kufunikwa kwa chandarua isipeperushwe na upepo, igeuzwe kwa mkono mpaka iachane, halafu irudishwe kwenye foronya safi. Kazi hiyo ifanyiwe mbali na jiko la mkaa na kibatari, kwa sababu sufi hushika moto upesi mno.